Neno Nililolikosea Point

Ninyi mnaoanza kuwaongoza wageni pale Point mmeniletea swali lilelile mara tatu sasa: Papa Bahati, tukariri nini? Kila mara nawajibu nunueni kwanza kofia pana na viatu vilivyokwisha kuizoea miguu yenu, nanyi mnacheka. Chekeni tu. Kilichonistaafisha mimi ni magoti, si umri, na magoti hayo niliyaharibu mwenyewe kwa viatu vya kanisani. Mwaka mzima wa kwanza nilivivaa kazini ili nionekane mtu wa maana.

Ya kukariri nitawaambia, lakini acheni nianze na yale ambayo hayakuandikwa popote. Ukiwasimamisha wageni, jua lipige macho yako wewe, wao waligeuzie mgongo. Mtu anayefinya macho hasikii. Usizungumze mkiwa mnatembea, maana wa mbele watakusikia na wa nyuma watasimuliana habari za wakwe zao. Simama, ngoja aliye nyuma kabisa afike, mwache apumue, ndipo ufungue mdomo. Wahesabu watu kwa viatu, kwa sababu nyuso zinageukageuka lakini viatu vimetulia chini. Na kabla hujaanza hadithi ya kwanza, onyesha choo kiko wapi. Historia yote ya Point haina nguvu mbele ya mtu aliyebanwa.

Point yenyewe mnaijua. Mimi huiita mji mdogo ndani ya jiji la Durban, kwa kuwa unaweza kuimaliza yote kwa miguu kabla ya chakula cha mchana. Kuna maghala ya zamani ya matofali mekundu, kuna magorofa yenye roshani zilizoliwa na kutu ambako wengi wetu Wakongomani tulipata chumba cha kwanza, watu sita mlango mmoja, na kando yake kuna majengo mapya ya vioo. Ukifika mwisho kabisa unakutana na mlango wa bandari. Meli za makontena zinapita karibu sana hata wageni huzipungia mkono, na ng'ambo ya maji unaiona Bluff, kile kilima kirefu cha kijani. Hapo ndipo nilipokuwa nikimalizia matembezi yangu, na hapo ndipo nilipofanya kosa ninalotaka kuwasimulia. Nawasimulia kwa sababu na ninyi mtalifanya, kwa neno jingine na siku nyingine.

Kazi hii sikuitafuta. Bukavu nilikuwa mwalimu wa historia na Kifaransa. Durban nikawa mlinzi wa magari, fulana ya manjano na filimbi, kama wenzangu wote. Ilikuwa 2008, mwaka wa mashambulizi dhidi ya wageni kama sisi, nasi tulitembea mjini tukitazama nyuma. Siku moja mume na mke waliozungumza Kifaransa walinijia wamepotea. Nikawaelekeza njia, na kwa uchu wa ualimu nikawaeleza na habari za jengo lililokuwa mbele yetu, kwa kuwa nilikuwa nimesimama mkabala na kibao chake miezi minne. Nyuma yangu palikuwa na mzee mmoja wa Kihindi, amekaa ukutani anakula bunny chow, ule mkate uliotobolewa ukajazwa mchuzi wa maharage. Wale wageni walipoondoka akajipangusa vidole na kuniambia kwa Kiingereza, "Sijui umewaambia nini. Lakini hakuna aliyetazama saa. Njoo Jumatatu."

Huyo alikuwa Bwana Naidoo. Alikuwa karani bandarini maisha yake yote, na alipostaafu akaanza kuwatembeza watu Point kwa miguu. Kombe la Dunia lilikuwa linakuja na alihitaji mtu wa Kifaransa. Alinifundisha kila kitu, hata jinsi ya kunywa maji kidogokidogo ili sauti isikauke. Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa daftari lake. Kila hadithi aliyoisimulia aliiandika humo, na kando yake akaandika moja kati ya maneno matatu: nimeambiwa, akataja na nani, nimejionea, au nadhani. Na akikufikisha kwenye hadithi ya "nadhani", ilikubidi uitamke mbele ya wageni: nadhani.

Neno hilo nililichukia. Mwalimu gani anasema nadhani? Niliposimama mbele ya darasa Bukavu, hata nilipokuwa sina hakika nilipaza sauti tu, na watoto wakaandika.

Msifikiri sikuwa nimepata dalili. Mwaka wa Kombe la Dunia nilipewa kundi la akina mama wa kwaya kutoka Nairobi, kumi na wawili, wote kofia za rangi moja. Nikafurahi, leo hakuna Kifaransa wala Kiingereza, ni Kiswahili tupu. Nikawaambia, "Bamama, tutapita robot ile ya mbele, kisha tutageuka kushoto." Wakatazamana. Tulipofika kwenye taa za barabarani nikavuka, nikahesabu viatu, nikakuta ni vya watu wanne. Wengine wanane walikuwa wamebaki ng'ambo, wanaangaza macho juu na chini.

"Mama, munangoja nini kule?" nikaita.

"Tunangoja robot!" mmoja akajibu. "Umesema tutaiona!"

Eish. Huku robot ni taa za barabarani tu, nami nilikuwa nimezoea hata nikasahau kuwa kwingine ni mashine. Tulicheka mpaka tukafika kwenye maghala. Hapo nikataka kuwapiga picha ya pamoja. Nikasema kwa Kiswahili changu cha nyumbani, "Simameni pamoja, niwatoshe."

Kiongozi wao, Mama Wanjiru, akashika mkoba wake vizuri. "Ututoshe nini, Mzee? Kwani sisi tumekupungukia?"

Nikaeleza kuwa kwetu kutosha ni kutoa. Tunatosha viatu, tunatosha takataka, na picha tunaitosha pia. Mama Wanjiru akasema, "Woi! Kwetu kitu kikitosha, kimetosha tu. Kimekuwa cha kutosha. Hakuna mahali kinaenda." Wakacheka tena, nami nikacheka. Nikaisimulia habari hiyo mwaka mzima kama kichekesho. Neno lilikuwa limenipa onyo mchana kweupe, na mimi nikalifanya kichekesho.

Sasa niwaambie juu ya Gogo Zainabu. Gogo ndivyo wanavyowaita nyanya huku. Alikuwa na miaka themanini na ushee alipokuja kwenye matembezi yangu Jumamosi moja, mwaka baada ya Kombe la Dunia, na mjukuu wake Farida amembebea kiti cha kukunja. Kila niliposimamisha kundi, Farida alikikunjua, Gogo akaketi, akaweka fimbo mapajani, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanisahihisha. Alizungumza Kizulu na Kiingereza kwa pamoja. Mimi nawapa kwa Kiswahili.

"Hilo halikuwa ghala la sukari," alisema. "Baba yangu alibeba magunia humo. Lilikuwa la mahindi."

Nikaliandika daftarini: nimeambiwa, na Gogo Zainabu. Nilimpenda saa ileile.

Alikuwa mmoja wa wale wanaoitwa Wazanzibari wa Durban. Habari yao lazima muijue, kwa kuwa wageni wetu wa Afrika Mashariki wakisikia jina hilo watauliza. Mababu zao walikamatwa utumwani, wakaokolewa baharini na manowari za Waingereza, na badala ya kurudishwa kwao wakaletwa huku kufanya kazi kwa mikataba. Wengi wao kwa hakika walikuwa Wamakua wa upande wa Msumbiji. Zanzibari ni jina la mahali walikopitishwa. Waliishi Bluff vizazi kwa vizazi, na msikiti wao na makaburi yao, mpaka serikali ya ubaguzi ikasema kilima kile si cha watu wa rangi yao. Wakapakiwa kwenye malori na kupelekwa Chatsworth, mbali na bahari. Gogo alizaliwa Bluff, akaolewa Bluff, na alipopandishwa lori alikuwa mama wa watoto.

Tulipofika mlango wa bandari aliwaambia wengine watangulie. Tukabaki watatu, yeye kitini, Farida na mimi. Alitazama ng'ambo muda mrefu, kisha akaniambia kilichomleta.

Nyanya yake, aliyeshushwa melini akiwa mtoto mdogo, alikuwa na desturi moja. Kila siku baada ya sala ya alasiri alitoka, akaketi kizingitini pa nyumba yao Bluff, akanyoosha miguu, akapiga ardhi kwa kiganja na kusema maneno mawili. Hayakuwa ya Kizulu. Hayakuwa ya Kimakua pia, kwa sababu Gogo alikuwa na Kimakua kidogo cha utotoni. Nyanya alifariki Gogo akiwa msichana, kabla ya malori, na waliojua maneno yale wakafariki mmoja mmoja. Gogo aliirithi desturi. Chatsworth nako, kila alasiri, aliketi kizingitini na kuyasema yale maneno bila kuyajua.

"Wewe unazungumza lugha ya kule juu," akaniambia. "Alikuwa akisema nini? Nataka kujua kabla sijaenda kukutana naye."

"Yaseme, Gogo."

"Apa patosha."

Vijana, nisikilizeni vizuri hapa. Njiani, kwa kucheka, Gogo alikuwa ameniambia kwamba nyanya yake hakuweza kutamka b. Neno basi alilitamka pasi, na baiskeli akaiita paisikeli, kwa kuwa Kimakua hakina sauti hiyo. Mimi na akili zangu nyingi nikaidaka p ile na kuigeuza b. Kwetu ba ni wale watu, wao. Batosha: wanatoa. Nikaona neno limelika katikati, nikalijaza. Hapa batutosha. Hapa wametutoa.

"Gogo," nikasema, na niliona fahari, Mungu anisamehe, "alikuwa akisema, hapa walituondoa."

Meli moja ikapita, ikapiga honi, Gogo hakuitazama.

"Lakini alikuwa akitabasamu akiyasema," alisema mwishowe.

"Watu hutabasamu na uchungu wao, Gogo," nikamjibu upesi, kwa sauti ile ya darasani.

Akaashiria kiti kikunjwe. Njia nzima ya kurudi hakunisahihisha kitu tena. Hata nilipokosea jina la mtaa makusudi ili nimchekeshe, alipita tu na fimbo yake.

Je, sikujua maana ile nyingine? Nilijua. Kutosha kwa Kiswahili cha vitabuni nilikuwa nimejifunza shuleni, na akina mama wa Nairobi walikuwa wamenikumbusha. Lakini nilikuwa nimetoka tu kusimulia habari za malori, nikasahau kwamba nyanya yule alifariki kabla hayajaja, na nilipoitazama Bluff niliona nyumba yangu ya Bukavu, mlango wa bluu, na siku tuliyoiacha chakula kikiwa mezani. Mimi ndiye niliyetoshwa. Nilisikia nilichokuwa nacho moyoni, nikamtwika mtoto wa watu aliyekwisha kufa.

Kisha nikafanya baya zaidi. Nikaifanya hadithi ile kuwa mwisho wa matembezi yangu. Nilikuwa nikiwasimamisha wageni mbele ya maji, nikashusha sauti, nikapiga magoti haya mabovu na kupiga ardhi kwa kiganja. Hapa walituondoa. Watu walilia. Mama mmoja Mjerumani alinikumbatia na kunilowesha bega. Nikatia chumvi kidogokidogo: nyanya akapata mtandio mweusi, akapata na machozi. Baada ya miezi sita, yule nyanya wa Gogo Zainabu alikuwa analia kila siku saa tano asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi.

Bwana Naidoo alikuja siku moja kusikiliza. Tulipomaliza aliniuliza, "Maana ya maneno yale, nani alikuambia?"

"Hiyo ni lugha yangu," nikamwambia.

"Sawa. Nani alikuambia?"

Nikamweleza yote, hata lile tabasamu, nikijitetea. Hakubishana nami. Alichukua daftari akaandika kitu kwa penseli. Sikutaka kukiangalia. Muda si mrefu baadaye alihamia Queensburgh kwa binti yake, akaniachia matembezi, daftari na mwavuli wake mwekundu wa kuongozea.

Miaka miwili ilipita tangu siku ya Gogo. Akaja Bi Mwanaisha, mwenyeji wa Mji wa Kale wa Mombasa, anayefundisha chuo kikuu hapa Durban. Alileta wanafunzi wake. Nilipofika mwisho nikapiga magoti, nikapiga ardhi, nikasema niliyozoea kusema. Wanafunzi wakainamisha vichwa. Bi Mwanaisha akanyoosha mkono.

"Samahani, Baba. Yule nyanya aliyatamka vipi maneno hayo? Hebu yatamke alivyoyatamka yeye, usiyatengeneze."

"Apa patosha."

"Na alikuwa akifanya nini?"

"Anaikala pa mulango, ananyoosha miguu, anapiga chini na mukono."

Uso wake ukalainika. "Mama yangu hufanya hivyo hivyo. Akimaliza kazi za kutwa akapata pake pa kukaa, huketi akasema, hapa patosha. Yaani hapa pananitosha, sitaki pengine."

"Non, madamu. Ile p ni ba. Bamakua hawana b, donc alikuwa anasema batutosha."

"Kimakua hakina b, nakubali. Lakini Kiswahili kina p, Baba. Mbona umeiondoa iliyokuwapo?"

Nilikasirika. Nilimwambia kuwa Kiswahili si cha Mombasa peke yake, na hilo ni kweli, lakini halikuwa jibu. Alinitazama kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyonimaliza. Nilipofika chumbani nililifungua daftari. Kando ya hadithi ya Gogo, kwa penseli ya Bwana Naidoo, palikuwa pameandikwa kwa Kiingereza: Nadhani. Alitabasamu. Kamuulize tena.

Mngetarajia niseme kwamba kesho yake nilipanda taxi kwenda Chatsworth. Sikwenda. Hadithi niliacha kuisimulia, lakini kwenda sikwenda, na miezi miwili ikapita. Nilikuwa na sababu kila wiki. Mara mvua, mara magoti, mara wageni wengi. Niwaambie ukweli wote: kuna siku nilijikuta nawaza kwamba huenda Gogo amekwisha kufariki, na moyo wangu ukapata nafuu. Nilipoisikia nafuu ile nilijionea haya hata nikaketi kitandani. Ndipo nikampigia simu Farida.

"Gogo yupo," Farida alisema. "Lakini siku hizi haketi nje, Papa Bahati. Tangu siku ile ya Point. Alasiri ikifika anabaki ndani na pazia amelifunga. Anasema alikuwa mtoto mjinga, nyanya yake alikuwa akilia kila siku na yeye alifikiri ni furaha."

Ndani ya taxi ya Chatsworth sikuiona hata njia tuliyopita. Nilifika baada ya alasiri. Farida akanifungulia, akaniacha sebuleni na Gogo. Alikuwa amekaa kwenye kochi, fimbo mapajani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Yakanipotea.

"Gogo," nikasema, "nilikudanganya. Sikukusudia, lakini sikujua, na nikasema kama ninayejua. Nyanya yako hakusema waliondolewa. Alisema mahali pale panamtosha. Hapa patosha. Ni mtu aliyefika, ameketi, hataki pengine."

Alinitazama, macho hayapepesi.

"Rudia."

Nikarudia. Akayatamka yeye, taratibu, kisha akauliza, "Pale Bluff? Baada ya yote yale, ya meli na yote, alisema panatosha?"

"Ndiyo, Gogo. Kila alasiri."

Nilifikiri atalia. Badala yake aligonga sakafu kwa fimbo. "Miaka miwili! Miaka miwili umemliza nyanya yangu! Ulipokuwa hujui, mdomo wako ulikuwa na ugonjwa gani hata usiweze kusema sijui?"

"Nilikuwa mwalimu, Gogo."

"Eish! Walimu."

Akairudisha fimbo mapajani, akaniuliza kwa sauti nyingine, "Wewe kwenu uliondolewa?"

"Ndiyo, Gogo."

"Basi yale maneno yalikuwa yako. Yaseme, ni haki yako kuyasema. Lakini yasemee kwako, usimtie mdomoni nyanya yangu."

Vijana wangu, mliniuliza mkariri nini, na hilo ndilo ninalowapa. Majina ya mitaa yatabadilishwa, yamekwisha kubadilishwa mara moja. Maghala yatavunjwa. Lakini mtu akikupa neno la marehemu wake, umeshika kitu kisicho chako. Lishike kama lilivyo, na p yake, na tabasamu lake. Ukiona limekaa vibaya mdomoni mwako, tatizo huenda ni mdomo wako. Sema nadhani. Sema sijui, kisha muulize mwenyewe tena. Wageni hawatakimbia, mimi nimelisema neno hilo hadi mwaka niliostaafu na hakuna aliyewahi kutazama saa.

Gogo alijiinua kochini. Nikataka kumshika mkono, akaukataa. Alikwenda mwenyewe hadi mlangoni, akafungua, jua la alasiri likaingia hadi miguuni pangu. Kizingiti chake kilikuwa cha saruji iliyopakwa nta nyekundu, kama vya majirani wote, ila chake kilikuwa kimefifia kwa kukaa bila mtu. Akajishusha polepole, fimbo kwanza, kisha mkono, kisha yeye. Akanyoosha miguu.

Mimi nikabaki nimesimama nyuma yake, nikizungusha kofia mikononi, nikiwaza kwamba sasa niage.

"Keti," akasema bila kugeuka.

Nikatazama. Kizingiti kilikuwa chembamba, upande mmoja chungu cha maua, upande mwingine yeye.

"Gogo, hapa ni padogo."

Akakisukuma chungu cha maua kwa fimbo hadi kikaanguka bustanini. Kisha akapiga saruji kando yake kwa kiganja, mara mbili.

"Apa patosha," akasema.

Nikaketi.